Refa wa Pili

"Afande, na wewe ukikosea, nani anakupigia filimbi?"

Nilikuwa darasa la nne nilipomwuliza Ogutu swali hilo. Mimi na binti yake Shirleen tulikuwa tumekaa kwenye nyasi za uwanja wa Kiganjo tukitafuna miwa, naye alikuwa amekuja kunywa maji kati ya mechi mbili. Aliniangalia, akaiangalia filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, kisha akamgeukia Shirleen.

"Huyu rafiki yako atakuwa wakili ama atafungwa," akasema.

Akaitwa uwanjani, akaenda bila kunijibu. Nilidhani amesahau. Watu wazima husahau maswali ya watoto kwa sababu wana mengi, na mimi nilikuwa mtoto wa maswali mengi kupita kiasi, hadi mama yangu alikuwa akinituma dukani kununua chumvi wakati chumvi iko, ili apumzike.

Ogutu anaishi ploti yetu ya kupanga pale Gatitu, milango miwili kutoka kwetu. Alitoka upande wa Siaya akiwa kijana wa miaka ishirini kuja kufunzwa upolisi Kiganjo, na baada ya kutumwa huku na kule akarudishwa pale pale kufundisha makuruta gwaride. Ploti nzima inamwita Afande, hata mwenye nyumba, hata watoto ambao hawajajua kusema maneno mengine. Ni mkewe tu, Mama Shirleen, anayemwita Baba Shirleen, na siku akikasirika humwita Ogutu, na sisi sote tunaosikia kupitia ukuta wa mbao tunajua kuna jambo.

Siku za wiki Ogutu alikuwa wa gwaride. Jumamosi alikuwa wa voliboli. Aliichezea timu ya chuo cha polisi mpaka akavuka miaka thelathini, halafu akawa refa, na alipendwa. Nieleze kidogo kwa wasiojua mchezo huu, kwa sababu mambo yote niliyoandika hapa yanategemea kitu kimoja kidogo. Mechi ya voliboli ina marefa wawili. Wa kwanza hupanda juu, kwenye ngazi yenye kijukwaa kando ya wavu, na shuleni kwetu ambako hakuna ngazi hupanda meza ya mwalimu iliyowekewa kiti. Huyo ndiye mkubwa. Refa wa pili husimama chini, upande wa pili wa uwanja, karibu na nguzo ya wavu. Kazi yake ni kuangalia mikono ya wale wanaoruka kuzuia mpira, kama imegusa wavu, na miguu yao, kama imevuka mstari. Sasa, huwezi kuiona mikono hiyo vizuri ukiwa upande usiofaa. Kwa hiyo kila mpira ukivuka wavu, refa wa pili naye anavuka: anazunguka nyuma ya nguzo, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, mechi nzima. Hakuna anayemwona akifanya hivyo. Watu wanaangalia mpira.

Ogutu alipokuwa refa wa pili, alisimama. Kifua mbele, kidevu juu, mikono nyuma, kama yuko mbele ya makuruta mia tatu. Wachezaji walimtii kwa kuona tu mgongo ule. Mashabiki wa Kiganjo walikuwa na msemo wao: "Afande hatingishiki." Ulikuwa sifa. Nami niliuimba pamoja nao, na sikujua nilichokuwa nikiimba.

Mashindano niliyotaka kuyaeleza ni ya mwaliko, ya timu za wasichana, na huzunguka miji ya huku mlimani. Mwaka ule yalikuwa Nanyuki. Mimi sikwenda, nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, lakini Shirleen alikwenda na baba yake. Fainali ilikuwa kati ya Karatina na Doldol. Wasichana wa Doldol walikuja kwa lori la mbuzi lililooshwa, na Shirleen anasema halikuoshwa sana. Nahodha wao alikuwa msichana mrefu wa kidato cha nne anaitwa Nasieku. Timu itakayoshinda ingealikwa Nairobi, mahali ambapo makocha wa klabu kubwa huenda kutafuta wachezaji. Kwa Nasieku huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa shule, kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi.

Walifika seti ya tano, inayochezwa hadi pointi kumi na tano. Karatina kumi na nne, Doldol kumi na tatu. Nasieku aliruka akaupiga mpira, wasichana wawili wa Karatina wakaruka kumzuia, mpira ukarudi ukaanguka upande wa Doldol. Wasichana wa Doldol wote wakainua mikono wakionyesha wavu: umeguswa. Kama uliguswa, pointi ni yao, na ni kumi na nne kwa kumi na nne. Kama haukuguswa, mechi imekwisha.

Refa wa kwanza siku hiyo alikuwa Mwalimu Ngatia, mkubwa wa marefa wa eneo letu. Kutoka juu alikuwa amezibwa na vichwa vya wale wasichana wa Karatina. Akamwangalia Ogutu kule chini. Ogutu akatikisa kichwa, mara moja, kwa uhakika wa askari. Hakuna kilichoguswa. Ngatia akapuliza filimbi, Karatina wakakumbatiana, Doldol wakakaa chini kwenye vumbi.

Kijana mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Video hiyo ilifika hadi Nyeri kabla ya jua kuzama, na chini yake walikuwa wameandika: Afande hatingishiki. Shirleen alinionyesha tukiwa tumejificha nyuma ya matangi ya maji. Kila mtu aliyeangalia video ile aliangalia wavu, na wavu ulionekana ukitikisika, na mkono wa msichana wa Karatina ulionekana pale. Mimi nikaangalia miguu ya Ogutu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haisogei katika uwanja mzima. Mpira ulikuwa umevuka mara nne, na mara zote nne alikuwa upande ule ule wa Doldol, akiangalia migongo ya watu.

"Shirleen, kwa nini babako hakuvuka?"

Alininyang'anya simu.

"Kwa sababu hawezi," alisema. "Na usiambie mtu, Kagure. Nimekuambia wewe tu."

Hapo ndipo nilipojua. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Miaka yote ya kurukaruka voliboli na kupiga buti kwenye lami ya gwaride ilikuwa imekula ile gegedu inayokaa kati ya mifupa, na sasa mfupa ulisaga mfupa. Nyumbani alipanda vidaraja vitatu vya mlangoni kwa upande, kama kaa, akishika ukuta. Lakini mwalimu wa gwaride anasimama na kupiga kelele; ni makuruta ndio wanaotembea. Na uwanjani, alipoacha kuvuka, watu walimsifu kwa msimamo. Kwa hiyo akanyamaza ndani ya sifa hiyo. Miaka miwili.

Video ilimfikia na yeye. Shirleen anasema aliitazama akiwa kwenye kochi, akaomba airudie, akairudia mara ya tatu, halafu akairudisha simu kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi kitu kituoni. Jumatatu yake alikwenda kwa Mwalimu Ngatia kumwambia ukweli.

"Matokeo ni matokeo, Afande," Ngatia alimjibu. "Kombe iko Karatina, wasichana wako kwao. Ukifungua hiyo mlango, kila timu itakuja hapa na simu. Wewe enda utibiwe."

Ogutu hakwenda kutibiwa kwanza. Alikwenda Doldol.

Alimchukua Shirleen, nadhani kwa sababu hakutaka kwenda peke yake na hakujua kusema hivyo. Safari hiyo nimemfanya Shirleen anisimulie mara nyingi hadi siku moja aliniuliza kama nalipwa. Walifika siku ya soko la mifugo. Ogutu alikuwa amevaa koti la kanisani. Walimkuta Nasieku na mama yake katikati ya mbuzi, na Nasieku alikuwa amemshika mmoja kwa pembe akingoja mnunuzi aamue.

"Mimi ndiye yule refa wa Nanyuki," Ogutu alisema.

"Nakujua. Siku hiyo ulikuwa karibu na mimi kuliko mama yangu."

"Nilisema hakugusa. Ukweli ni kwamba sikuona. Sikuwa upande ile nilifaa kuwa. Goti yangu haiendi, na sikuambia mtu."

Nasieku hakumwachilia mbuzi. "Sasa unataka niseme nini?"

"Hakuna. Nimekuja kusema tu."

"Na ile ya Nairobi?"

"Hiyo siwezi rudisha."

Mama yake akauliza kwa Kimaasai mgeni anataka nini, na Nasieku akamweleza kwa maneno machache. Mama aliliangalia goti la Ogutu kwa muda, kama anavyoangalia mnyama sokoni, akasema jambo.

"Anasema mtu mwenye mguu mbaya hatumwi kutafuta ng'ombe imepotea," Nasieku akatafsiri. "Anakaa nyumbani, na hakuna mtu anamcheka. Anauliza kwa nini wewe hukukaa nyumbani."

Shirleen anasema baba yake alisimama tu, safari hii si kama askari. Mnunuzi akampita, akampapasa mbuzi mgongo, akaenda.

Walipokuwa wanaondoka Nasieku alimwita. "Afande. Wakikutengeneza, watataka kukupandisha juu kwa ile ngazi, maana nyinyi watu wazima huheshimiana. Usikubali. Simama chini, na uvuke."

"Nitasimama chini," Ogutu akasema.

Hilo ndilo alilobeba kutoka Doldol.

Alifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata, mwezi wa pili. Walikata ncha za mifupa iliyoharibika wakaweka goti la chuma lenye plastiki katikati. Kovu lake linaanzia juu ya goti hadi chini yake, limenyooka kama zipu. Daktari alimwambia: kutembea ndiyo, ngazi ndiyo, polepole, kukimbia hapana, kuruka hapana, kupiga buti la gwaride hapana kabisa. Ogutu akauliza kuhusu hatua tatu kwenda na hatua tatu kurudi. Daktari akataka kujua mara ngapi. "Kama mara mia mbili," Ogutu akasema, na daktari akaacha kuandika, akamwangalia. Alimwambia inawezekana, lakini mguu wenyewe ndio utakaoamua, na mguu hauamriwi.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Tulimsikia kupitia ukuta. Si kelele, alikuwa akihesabu. Mama wa mazoezi ya viungo alimfundisha kukaa kitandani, kupitisha leso chini ya unyayo, na kuuvuta mguu ujikunje, na kila mkunjo alihesabu kwa sauti ile ya gwaride, lakini nyembamba. Kumi, kumi na moja. Halafu kimya. Mama yangu alikuwa akizima redio akisikia kile kimya.

Siku moja nilikwenda kumwona nikiwa na begi la shule. Mama wa mazoezi alikuwa amesema goti linatakiwa lijikunje angalau nyuzi mia moja na kitu, na Ogutu alitaka kujua amefika wapi leo, wala si Alhamisi atakapokuja yule mama. Nikakumbuka nina protrakta kwenye seti yangu ya hesabu. Nikaiweka kando ya goti lake, Shirleen akanyoosha rula kufuata paja na nyingine kufuata mguu wa chini.

"Sabini na mbili," nikasema.

"Pima tena."

"Sabini na moja na nusu."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa sawa," akasema, na Mama Shirleen aliyekuwa akichambua sukuma wiki mlangoni akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Lakini Mama Shirleen ndiye aliyepinga zaidi aliposikia habari za uwanja. Sisi watoto tulidhani anaogopa goti litavunjika. Siku hiyo alimwita jina.

"Ogutu, hii goti uliwekewa uende kazi, uende kanisa na uende choo. Haikuwekwa ya voliboli."

"Nilisema nitasimama."

"Ulisemea nani? Huyo msichana anaendelea na maisha yake. Anafundisha watoto wa nasari huko kwao, Shirleen ameniambia. Wewe ndiye bado uko Nanyuki."

Mama Shirleen alikuwa amesema kweli, na wote walijua. Nilikaa upande wa pili wa ukuta nikiwa na kitabu cha kemia ambacho sikukisoma, nikajiuliza kama mtu anaweza kutimiza ahadi kwa mtu ambaye hata haingoji tena. Sijapata jibu la hilo. Ninachojua ni kwamba kesho yake Mama Shirleen mwenyewe ndiye aliyesogeza nguo zake upande mmoja wa kamba.

Kwa maana uwanja wa mazoezi wa Ogutu ulikuwa kamba ya nguo ya ploti. Nguzo moja ilikuwa ya chuma, nyingine mti wa ukuta. Mimi na Shirleen tulirusha mpira juu ya kamba, mmoja huku na mwingine kule, na Ogutu alizunguka ile nguzo ya chuma kuufuata: hatua tatu, simama, angalia, hatua tatu, simama, angalia. Mwanzoni alikuwa na mkongojo na alivuka mara sita tu. Baadaye mara ishirini bila mkongojo. Mwai, mpangaji wa chumba cha mwisho, alilalamika kwamba mashuka yake yananuka mpira.

"Afande, kwani hiyo wavu yenu haina mwenyewe?"

"Toa shuka, Mwai. Umegusa wavu. Pointi ya upande ule."

Nilichogundua nikimrushia mpira ni kwamba goti halikuwa shida tena kufikia mwezi wa kumi. Protrakta ilisema nyuzi mia moja na kumi na tano. Shida ilikuwa kwamba mpira ukivuka ghafla, mwili wake ulikataa kwanza. Ulikuwa umejifunza kusimama. Kulikuwa na nukta moja hivi ambapo alibaki ameganda, kifua mbele, ndipo miguu ikakumbuka. Mtu asiyejua asingeiona. Yeye aliiona kila mara, na kila mara alitikisa kichwa.

Mwaka uliofuata mashindano yalikuwa zamu ya Kiganjo. Mwezi mmoja kabla, Mwalimu Ngatia alikuja ploti kumchukua ili ampime. Alimfanya avuke seti nzima ya mazoezi pale shuleni kwake, kisha wakakaa nje kwa Ogutu wakinywa chai.

"Uko sawa," Ngatia akasema. "Mimi sitaki maneno mengi. Fainali wewe utapanda juu. Refa wa kwanza. Mimi nitakuwa chini."

Mama Shirleen, aliyekuwa akimimina chai, alisimama birika likiwa hewani.

"Hapana, Mwalimu," Ogutu akasema. "Chini."

"Afande, sikia. Watu wanakuheshimu. Juu utashika reli, unasimama mahali pamoja, mguu unapumzika. Hakuna mtu atauliza kitu."

"Hiyo ndiyo naogopa. Hakuna mtu atauliza."

Ngatia alikunywa chai yake yote kabla ya kusema, "Haya. Chini."

Siku ya fainali mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha uwanja, wakamwaga vumbi la mbao kwenye kona. Ilikuwa Kiganjo dhidi ya Naro Moru. Makuruta wa chuo walikuja wengi kushangilia timu ya nyumbani, na walipomwona mwalimu wao wa gwaride akiingia na filimbi wakapiga makofi ya mpangilio. Wimbo ule wa zamani ukaanza: Afande hatingishiki.

Halafu mechi ikaanza na Afande akatingishika.

Alivuka. Hatua tatu, simama, angalia. Alikuwa anachechemea kidogo sana, na bega lake la kulia lilishuka kila alipozunguka nguzo. Wimbo ukafa wenyewe. Mwisho wa seti ya kwanza nilisikia nyuma yangu, "Huyu anapima ploti ama nini?" Seti ya pili: "Afande, tulia, hakuna mtu anakufukuza." Wakacheka, kicheko cha watu wanaompenda mtu na sasa hawamtambui. Shirleen aliangalia mbele tu. Mimi nilitaka kugeuka niwaeleze kila kitu, protrakta, Doldol, na Shirleen akanishika mkono, akaniambia, "Wacha."

Mechi ilikwenda hadi seti ya tano. Nilikuwa nimehesabu hadi mara mia na themanini alizovuka, kisha nikapoteza hesabu. Goti lilikuwa limevimba. Suruali nyeusi ilikuwa imekaza pale. Kiganjo kumi na nne, Naro Moru kumi na tatu. Naomba uniamini, nami nilitamani iwe namba nyingine.

Mpira ulivuka, ukavuka, ukavuka. Aliufuata mara zote. Mara ya tano Naro Moru waliokoa mpira uliokuwa umekwisha kufa, wakaurudisha kwa haraka, na mchezaji wao akapiga. Wazuiaji wa Kiganjo wakaruka. Mpira ukaanguka upande wa Naro Moru. Makuruta wakaruka juu, uwanja mzima ukawa mikono. Na wasichana wa Naro Moru wakaonyesha wavu: umeguswa.

Mwalimu Ngatia alikuwa juu, amezibwa. Akamwangalia Ogutu.

Ogutu alikuwa nyuma ya nguzo. Si upande huu, si upande ule. Alikuwa amechukua hatua moja na nusu.

Ngatia akamwita kwa mkono, na Ogutu akasogea hadi chini ya ngazi. Mimi na Shirleen tulikuwa tumekaa upande huo wa ngazi, kwa hiyo nilisikia.

"Amegusa?"

Kichwa kimoja tu kikitikiswa, na Kiganjo ni mabingwa, na makuruta mia moja wanambeba mabegani.

"Sikuwa nimefika," Ogutu akasema.

"Nini?"

"Sikuwa nimefika pale naweza kuona. Sijui kama amegusa."

Hakusema kwa sauti ndogo. Ngatia alibaki ameinama kwenye reli akimwangalia, kisha akasimama, akainua vidole gumba vyote viwili: mpira urudiwe. Uwanja ukalia. Makuruta walimzomea mwalimu wao wenyewe, kwanza kwa woga, halafu walipoona wenzao wanazomea, bila woga. "Refa kipofu." "Arudi gwaride." Ogutu akarudi kwenye nguzo yake, uso uking'aa kwa jasho, akangoja mpira.

Mpira uliorudiwa waliupata Naro Moru. Wakapata na uliofuata, na mwingine tena. Kiganjo wakashindwa kumi na sita kwa kumi na nne. Ogutu alivuka kila mara katika mipira ile mitatu, na alifika kila mara, na hakuna aliyemtazama.

Baada ya kutia saini karatasi ya mechi, Mwalimu Ngatia alimsindikiza hadi kwenye benchi. "Watu wako watakukasirikia mwaka mzima," akamwambia.

"Wako na haki."

"Nitakupatia mechi Jumamosi ijayo. Karatina. Chini?"

"Chini," Ogutu akasema, akaanza kufungua kamba za viatu, kwanza cha kushoto.

Tulirudi Gatitu jua likiwa bado liko. Mama Shirleen hakuuliza nani ameshinda; habari zilikuwa zimemfikia, na jirani mmoja alikuwa amekuja makusudi kumwambia kwamba mumewe ameiuza timu ya nyumbani. Alimwekea kiti nje, akaweka kreti ya soda mbele yake, akamwinulia mguu juu yake na kufunga barafu kwa taulo kuzunguka goti. Hakusema neno kuhusu uwanja. Alimwambia tu, "Baba Shirleen, usitoe hiyo taulo mpaka niseme," akaingia ndani kupika.

Nilikaa kwenye kidaraja cha mlangoni. Nilikuwa na swali langu tangu darasa la nne, nami sikuwa na hakika kama ni vizuri kumwuliza mtu mwenye barafu gotini na sauti za kuzomewa bado masikioni. Lakini mimi ni mimi.

"Afande, kuna kitu nilikuuliza zamani. Ukikosea, nani anakupigia filimbi?"

Hakujifanya kwamba hakumbuki. Alinyoosha vidole vya mguu uliokuwa juu ya kreti, akavikunja, akavinyoosha tena, kama mama wa mazoezi alivyomfundisha.

"Hakuna mtu, Kagure," akasema. "Kwa hivyo unavuka. Na siku hujafika, unasema hujafika."